Sefu Moja, Nyumba Mbili

Mume wangu ana nyumba mbili, na sefu ni moja. Ukishajua hilo, umejua kwa nini mwaka huu nimekonda.

Jina langu ni Mwanapili, lakini kwa Iddi mimi ndiye wa kwanza. Nilizaliwa Jego, nikasoma mpaka darasa la sita, nikaolewa nikaletwa Msambweni, na hapa ndipo nilipozaa wanangu wote. Mkubwa ni Luqman, anafanya kazi hotelini kule Galu. Mdogo ni Twaiba, ambaye haoni kitu kilichofungwa akakiacha kimefungwa. Mke wa pili anaitwa Biasha. Yeye anakaa Ukunda, ghorofani, nyumba ya kupanga iliyo karibu na bucha ya Iddi, na ana mtoto mmoja, Swabir, ambaye juzi juzi tu ameachishwa ziwa.

Iddi hulala siku mbili kwangu na siku mbili kwake. Hiyo ndiyo zamu yetu, na hajawahi kuichezea. Watu humsifu kwa uadilifu huo. Mimi pia humsifu, mbele za watu.

Kazi yake ni nyama. Hununua ng'ombe huko ndani, Kinango na kupita, huchinja, kisha hupelekea hoteli za Diani. Wenye ng'ombe hawataki ahadi, wanataka pesa mkononi, kwa hiyo kila mtu anajua kwamba gari la Iddi likielekea mnadani haliendi tupu. Mwaka juzi watu wa pikipiki walimzuia njiani wakampiga rungu. Alhamdulillahi alipona, ila bega la kushoto haliinuki tena sawasawa, na tangu siku hiyo hapendi kabisa kuwa barabarani jua likishazama. Ndipo alipoomba leseni ya bastola. Aliitwa, akaulizwa, akachunguzwa, akaitwa tena. Jioni moja akiwa kwangu anakula, akaniambia:

"Mama Luqman, leseni imekubaliwa."

"Alhamdulillahi."

"Imebaki sefu. Afisa atakuja kuikagua kabla sijakabidhiwa bastola. Amesema, kama haiko kiunoni, iwe ndani ya sefu. Bastola inalala pale sefu ilipo."

Upawa ukanisimama mkononi. "Na sefu itakuwa wapi?"

"Ukunda."

"Ukunda kwa Biasha."

"Kwani mimi nina Ukunda nyingine?" Akatoa simu akanionyesha picha ya kijisanduku cha kijivu. "Hiki nimekiona duka la karibu na bucha. Nakipandisha ngazi mwenyewe, kwa mkono mmoja."

"Kama wewe mwenye bega bovu utakibeba kwa mkono mmoja, mwizi mwenye mabega mawili kitamshinda?"

Akacheka, akaendelea kula. Nikaona nipite njia nyingine. "Na Swabir? Mtoto wa umri ule hutia kila kitu mdomoni."

"Mtoto wa Biasha umeanza kumwonea huruma lini?"

"Mtoto ni mtoto, Baba Luqman."

Maneno hayo yalikuwa ya kweli. Lakini siyo yaliyonikosesha usingizi. Kilichonikosesha usingizi ni neno la afisa: bastola inalala pale sefu ilipo. Nikaligeuza nikalipindua. Bastola ikilala Ukunda, itakuwaje siku zangu? Iddi ataifunga kule jioni, kisha aanze safari ya kuja Msambweni bila silaha, na giza linaingia? Mara ya kwanza atakuja. Mara ya pili atapiga simu: leo nimechoka, nitakufidia. Na usiku haufidiwi, jamani. Usiku si unga wa kukopeshana.

Halafu nikaona kwamba jambo hilo lina upande wa pili. Kama sefu itakuwa kwangu, basi Iddi atakayechoka njiani ni yule wa kwenda kwa Biasha.

Asubuhi nilimwambia kwamba kitu cha kutunza silaha hakinunuliwi kwa picha ya simu, twende Mombasa tukakiguse. Akashangaa kuona ninataka kuvuka kivuko kwa ajili ya sanduku la chuma, mimi ninayeogopa hata kisu cha kuchinjia. Lakini alikubali.

Duka lenyewe lilikuwa na masefu yamepangwa toka mlangoni hadi ukutani, kama makaburi yaliyosimama. Muuzaji alikuwa dada wa bara, mchangamfu, anaitwa Caroline.

"Karibu mum, karibu mzee. Sefu ya ofisi ama ya nyumba?"

"Ya bastola," Iddi akasema kwa sauti ya chini, kana kwamba masefu yana masikio.

Caroline alianza na ile ya aina ya Ukunda. Akaigonga kwa kidole, ikalia kama debe. "Hii ni ya kuficha pasipoti, mzee. Ukitia bisibisi hapa kwenye bawaba, mlango unatoka." Kisha akatuonyesha nyingine ambayo bawaba zake zimo ndani, haziguswi. Ilikuwa ya saizi ya kati, kimo cha goti langu. Akafungua mlango tukaona chuma chenyewe ni kinene, na komeo zinatoka pande zote mbili, nene kama vidole gumba. Ndani kulikuwa na kijisanduku kingine chenye ufunguo wake, cha kuwekea risasi mbali na bastola. "Hii ni imara na watu wawili wanaipandisha ngazi bila shida. Chini ina matundu ya bolti. Lazima ishikwe na sakafu, la sivyo mwizi anaondoka nayo nzima nzima aende akaifungulie kwao."

Iddi akaitazama kwa macho ya mtu aliyeridhika. Moyo wangu ukashuka. Watu wawili, ngazi, bila shida. Nilisogea pembeni, nikaweka mkono juu ya lile dubwana lililokuwa nyuma yake.

"Na hii, mwanangu?"

"Hiyo mum ndiyo baba yao. Chuma ni kile kile, komeo ni zile zile, ila ni kubwa. Inabebwa na watu wanne."

"Inapanda ghorofani?"

"Ghorofani? Siwashauri. Ile ya chini ndiyo yake."

Nikaligonga. Halikutoa sauti yoyote. Wallahi nililipenda pale pale.

"Baba Luqman, hii."

"Ya nini kubwa hivi? Bastola ni kiganja kimoja!"

"Utaweka na hati za shamba, na za gari. Na moto ukitokea? Na wakija kumi?"

"Wakija kumi, Mama Luqman, hawatakuja kuiba sefu, watakuja kuhamia."

Caroline akacheka. Bado kulikuwa na suala la kufuli. Iddi alitaka ile ya alama ya kidole, maana alisema nambari zitamtoka kichwani. Caroline akamwambia aweke kidole gumba mashine ikisajili. Mashine ikalia ikamkataa. Akaweka cha shahada, ikamkataa. Akajaribu vyote. Mikono ya mume wangu imekatwakatwa na visu tangu ujana wake, ncha za vidole zimejaa makovu, na mafuta ya nyama yameingia hata yasitoke kwa sabuni.

"Jaribu wewe, mum, tuone kama mashine ni nzima."

Nikaweka changu, kikasajiliwa, nikakiweka tena. Taa ya kijani ikawaka, mlango ukafunguka wenyewe. Sijui niseme nini kuhusu furaha ile. Mlango mzito namna ile, umemkataa mwenyewe, umenikubali mimi! Nikamtazama Iddi, yeye akamtazama Caroline.

"Basi tuweke kidole cha mke wangu?"

"Hapana mzee. Mwenye leseni ni wewe, afungue mwenye leseni peke yake. Na hewa yenu ya chumvi huko kusini, hizi mashine hazidumu. Chukua ya ufunguo na nambari, vyote pamoja. Betri ikifa, inabadilishwa kwa nje. Ufunguo ukiibwa, nambari iko kichwani. Na ufunguo usiuweke chini ya godoro, kila mtoto anajua chini ya godoro."

Tukachukua lile kubwa, la ufunguo na nambari. Iddi alipokuwa akilipia alikuwa akitikisa kichwa, lakini nilikuwa nimemchosha. Njia nzima alikuwa akisema, "Basi litakaa kwako, Biasha hana pa kuliweka." Mimi nikajibu tu, "Kama huna budi."

Usifikiri mambo yalikwenda laini. Lilipofika, fundi Charo alijaribu kwanza kulifunga ukutani. Nyumba yangu ni ya mawe ya matumbawe. Drili iliingia kama kisu kwenye papai, na bolti ikazunguka bila kushika kitu.

"Mama, ukuta huu ni biskuti," Charo akasema. Akajaribu sakafu. Simiti yangu ilikuwa nyembamba kama ganda la yai, na chini yake mchanga. Ikabidi avunje pembe nzima ya chumba cha kulala, achimbe, asuke nondo, amwage zege, kisha tuliache likauke. Na zege halitaki haraka. Kwa siku zote zile chumba changu kilikuwa vumbi na kokoto, Iddi akasema kifua kinambana. Nadhani unajua alikwenda kulala wapi. Nikimwagilia zege lile asubuhi na jioni lisipasuke, nilikuwa namwagilia na hasira zangu.

Hatimaye likafungwa. Afisa akaja, akalivuta, akalisukuma kwa bega, akachungulia bolti, akasema, "Hapa sawa." Akaandika alivyoandika. Iddi akakabidhiwa bastola yake. Akaniita mimi na Twaiba, akatuambia mbele ya mlango uliofungwa kwamba nambari hatatuambia, ufunguo utakuwa kiunoni mwake pamoja na kinoleo chake, na atakayeonekana anachezea vitufe atamjua yeye ni nani.

"Hata mama?" Twaiba akauliza.

"Hasa mama."

Sikujali. Nilikwenda madukani nikatafuta leso ya kulifunikia. Niliwachosha wenye duka, wakanifungulia leso nusu ya duka mpaka nikapata jina nililolitaka: KILICHOFUNGWA KWANGU HAKIFUNGUKI KWAKO. Nikalivika sefu, nikahakikisha maandishi yanatazama mlangoni, na nikakaa kusubiri mgeni.

Biasha hakukawia. Alikuja Ijumaa kutoa hongera, na sahani ya halua, na Swabir mgongoni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mwenzangu. Karibu, pita ndani ulione."

Kwa kawaida mgeni haingizwi chumbani. Mimi nilimwingiza. Nikamwona anasoma. Midomo yake ilitembea polepole, neno kwa neno, kisha ikatulia. Yeye ni mdogo kwangu kwa miaka mingi, na ngozi yake bado haijajua uchovu. Nilimwangalia nione kama itabadilika rangi.

"Leso nzuri, dada," akasema. "Jina lake kali."

"Ya dukani tu. Sikuangalia hata jina."

"Ahaa. Mimi huwa naangalia."

Swabir akashuka, akaenda moja kwa moja kwenye sefu, akavuta leso ikaanguka, akaning'inia kwenye mkono wa mlango kwa mikono yote miwili. Mlango haukutikisika. Sote wawili tulikuwa tumeshamrukia, mimi nikawa wa kwanza kumshika. Biasha akamchukua kwangu akamkumbatia.

"Afadhali liko huku, dada. Kwangu nisingelala. Nilimwambia Baba Swabir tangu mwanzo, kile kisanduku chako sikitaki."

Kumbe hata hakukitaka. Halua yake ilikuwa tamu, na yote nikamwachia Twaiba.

Jumamosi ilianza zamu ya Biasha. Nilipika kama kawaida yangu, na nikaongeza sahani moja, maana nilikuwa na hakika Iddi atachoka asiende. Iddi alifika jua likikaribia kuzama, ametoka Ukunda na gari lake. Nikamsikia chumbani: vitufe, ufunguo, mlango, ufunguo. Akatoka, akanywa maji amesimama.

"Chakula kiko tayari," nikamwambia.

"Wape watoto. Naenda zangu Ukunda."

"Saa hizi? Na bega lako? Na giza hili?"

"Si ndiyo zamu ya mwenzako?" Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini jua linachomoza mashariki. "Haya, Mama Luqman. Funga mlango."

Nikasimama barazani nikasikiliza gari mpaka likaisha. Mtu ambaye tangu kupigwa kwake haendi hata msikitini kwa miguu kuswali isha! Ameendesha gari kuja Msambweni kuilaza bastola, kisha anarudi Ukunda kulala yeye. Nilikuwa nimehesabu uchovu wake wote, na nilikuwa nimeuhesabu vizuri. Sikuhesabu kwamba angeubeba uchovu huo akaenda nao kwa Biasha. Angeubeba vile kwa ajili yangu? Hilo ndilo swali lililokaa nami pale barazani, likanitafuna.

Akaja Jumapili vile vile. Zamu iliyofuata vile vile. Akifungua, akifunga, akinywa maji. Mara moja alikuja na bahasha ya plastiki kwapani.

"Biasha amekuletea zawadi."

Iddi hasomi leso. Kwake leso ni kitambaa cha maua. Nilipoikunjua mbele yake akasema, "Rangi nzuri hiyo, mwenzako anakupenda." Ilikuwa nyekundu na nyeupe, nzuri kuliko yangu, na jina lake lilikuwa: MWENYE UFUNGUO HALALI MLANGONI.

Maskini mchinjaji wangu, amebeba kisu kwapani toka Ukunda hajui kwamba ni kisu. "Mwambie nimeshukuru," nikasema. Akaondoka, ufunguo ukilia kiunoni mwake kwa kila hatua.

Usiku ule nilikusudia kuchagua leso ya kumjibu. Nilikuwa na maneno mengi. Lakini nilipolala nikafikiria ule ufunguo unavyolia, na barabara, na kitu kimoja kikaniinua kitandani. Bastola iko humu, futi chache kutoka kichwani pangu, ndani ya chuma ambacho hakitikisiki. Na mwenye bastola yuko njiani, gizani, na gari ambalo kila mtu analijua, kiunoni hana kitu ila ufunguo na kinoleo. Wale wa pikipiki hawakukamatwa wote. Silaha iliyonunuliwa imlinde barabarani, mimi nimeifanya ilale nyumbani wakati yeye yuko barabarani. Nilichagua sefu bora kuliko yote dukani, na nikaiweka mahali pabaya kuliko pote.

Nikampigia simu Biasha. Sijawahi kumpigia saa hizo, usiku wa zamu yake; ni aibu.

"Dada? Kuna nini?"

"Amefika?"

"Bado."

Tukakaa kwenye simu. Hakukata, nami sikukata. Nilimsikia akipumua, nikamsikia akifungua dirisha la ghorofani, nikasikia pikipiki za Ukunda zikipita chini yake, na kila ikipita sote tulitega sikio. Kisha akasema, "Kila siku huwa nakaa dirishani hivi, dada. Nilidhani wewe unalala."

Ni jambo baya kusikia kwamba mwenzio anamwogopea mumeo kama unavyomwogopea wewe. Nilitaka hofu hiyo iwe yangu peke yangu.

"Gari hilo," akasema. "Anaegesha. Amefika, dada."

"Alhamdulillahi."

Nikamsikia Iddi kwa mbali akipanda ngazi akiuliza, "Unaongea na nani?" na yeye akimjibu, "Na dada." Nikajua hatua inayofuata ni mlango kufungwa, na mimi nimebaki nje yake na simu sikioni. Moyo uliniuma kama siku ile alipomwoa Biasha. Lakini nilisema kabla sijabadili nia.

"Biasha, mwambie kesho aende kwa afisa. Amuulize kama anaweza kuwa na sefu mbili, moja kwangu na moja kwako, aandikishe nyumba zote mbili."

"Dada, ghorofani itapanda?"

"Itapanda. Iko ya saizi ya kati. Watu wawili wanaibeba, chuma ni kile kile, na ghorofa yenu ina zege la kushika bolti. Mimi niliiona."

"Uliiona lini?"

Siku ile ile niliyochagua yangu, nikataka kusema. Badala yake nikasema, "Nitakwenda nawe Mombasa nikuonyeshe. Na uiweke mbali na Swabir. Ufunguo usikae chini ya godoro."

"Ahsante, dada." Sauti yake ilikuwa imelegea kabisa, hata nikakasirika. "Tuchukue na kubwa kama yako?"

"La," nikasema. "Isiwe kubwa kama yangu."

Nikamsikia anacheka, kisha simu ikakatika. Nilikwenda kwenye sefu, nikavuta mkono wa mlango kama ninavyouvuta kila usiku, ukakataa. Ile leso ya Biasha nikaitandaza juu yake, maana kweli ni nzuri kuliko yangu. Maandishi nikayageuzia ukutani.